Kelele Zangu kwa Kabula

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, ingawa ningependa majirani zangu wa Kalangalala waisahau.

Binti yangu Kabula homa ilimwondolea usikivu akiwa mdogo, akabakiwa na maneno machache mdomoni. Alipofika umri wa shule, mama yake alitaka aende darasa la viziwi, wanakofundisha kwa lugha ya alama. Mimi nikakataa. Niliogopa kwamba akizoea mikono, hata yale maneno machache yatamtoka, na siku nikifa atanunuaje chumvi sokoni? Mwalimu wa darasa hilo naye, kijana mkaidi kama mimi, alisema mambo ya mdomo ni kumpotezea mtoto muda. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Kabula akabaki nyumbani kufukuza kuku.

Nikaamua kumfundisha mwenyewe. Nilikuwa na kidato cha nne, redio na kigoda, nikaona hicho ni chuo tosha. Asubuhi nikamkalisha uani, nikainua kikombe, nikasema, "Maji." Akanitazama. Nikaongeza sauti. Akanitazama kwa huruma. Basi nikajaza kifua, nikapaza, "Maji! Maji! Maji!"

Punde si punde uani kukajaa watu na ndoo. Aliyetangulia ni Mama Masanja, tuliyepakana naye ukuta, kanga imelowa hadi magotini.

"Baba Kabula, moto uko wapi?"

"Hakuna moto. Namfundisha mtoto kusema."

"Sisi tumesikia wote," akasema, akitua ndoo. "Yeye je?"

Kabula alipoona wageni, akafanya afanyavyo mtoto wa Kisukuma aliyelelewa: akampigia goti kila mtu mzima. Nao, mmoja mmoja, wakaitika, "Marahaba, mama."

Mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka Ushetu, alikuwa barazani akipepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Ng'wanawane, mwanangu, umesikia neno lolote hapo?"

"Hapana, mama."

"Mbona wameitikia shikamoo? Goti limeongea, na hukulikataza. Mikono imekukosea nini?"

Nikatazama kikombe changu.

"Na huyo mwalimu wako nitamwona kesho," akaendelea. "Mtoto ana vineno vyake. Havitupwi kama pumba."

Kesho yake akatuongoza shuleni, mimi nyuma kama mshtakiwa. Mwalimu akakubali kuyatunza maneno ya Kabula. Mimi nikakubali kujifunza alama kila Jumamosi pamoja na mke wangu. Mwenzangu alizishika upesi. Mimi vidole vyangu vilikuwa vya kukamua ng'ombe. Kabula alivikamata akavipanga upya, akicheka mpaka machozi.

Leo ni fundi cherehani huko Buseresere. Hunipigia simu ya video, na kwa kuwa simu naishika kwa mkono mmoja, nabaki na mmoja wa kuongelea. Ananiambia nina kigugumizi.

Basi, mwanangu, ukijaliwa mtoto asiyesikia, msibishane wakubwa njia ipi ni bora huku yeye akisubiri mlangoni. Mpe mikono, mpe na mdomo kama anauweza. Kisha ujifunze na wewe, ujifunze na nyumba nzima, maana mkono mmoja haulei mwana, na lugha anayoijua mtu peke yake nyumbani ni upweke tu.

Mungu akujalie meza ambayo hakuna anayekula bila wa kuongea naye, na uzee wa kubishiwa na watoto wako kila siku, kwa lugha yoyote waitakayo.