Mwenye Mimba Hamkandi Mzazi

Mwaka ule binti yangu wa kwanza alipobeba mimba yake ya kwanza, na mimi nilijiona mjamzito. Nilikuwa nimekaribia miaka hamsini, kiongozi wa akina mama kanisani, mama mkwe wa watu, na kila mwezi uliopita bila kuona siku zangu nilizidi kufunga kitenge juu, karibu na kifua, ili watu wa Kasulu wasipate cha kusema.

Asiyejua mambo ya kwetu atauliza tatizo lilikuwa nini. Mama akishaanza kupata wajukuu anatakiwa aache kuzaa, hiyo moja. Na kubwa kuliko hiyo, mwenye mimba hamkandi mzazi. Wazee wetu walisema matumbo mawili hayaoti moto mmoja, moja litalidhuru lingine. Sikuwa na hakika kama naamini, maana nimesoma kidogo na ninasali, lakini mtoto wa kwanza wa mwanao si mahali pa kupimia kama wazee walisema kweli. Kwa hiyo binti yangu, aliyeolewa Kibondo, angejifungua bila mimi.

Akapiga simu. "Mama, unakuja lini? Wamesema ni mwezi ujao."

"Miguu inanisumbua, mwanangu. Tuone."

"Miguu? Juzi si ulikuwa shambani unavuna maharage?"

"Ndiyo hayo yaliyoiumiza."

Akaaga haraka, akakata simu. Huyu mtoto amerithi ulimi wangu, akifupisha maneno ujue ameumia.

Kilichonitesa ni kwamba nilijua ninachomnyima. Yeye mwenyewe nilimzaa hukohuko Kibondo, tulipokuwa tukiishi huko, wakati wa kiangazi, baridi ya asubuhi ikiuma masikio. Mama yangu alikuja kutoka Mabamba, amejitwika kapu la maharage, kidumu cha mawese mkononi, na kabla hajamsalimia mtu akauliza maji yanachemshiwa wapi. Asubuhi na jioni alinikanda. Alichovya kitambaa kwenye maji ambayo mimi nisingethubutu kutia kidole, akakikamua, akanikandamiza nacho tumboni, kiunoni, mgongoni. Nililia kuliko nilivyolia siku ya kujifungua.

"Lia, mwana wanje," aliniambia, akiniita mwanangu kwa Kiha chake, "lakini usihame."

Akimaliza ananifunga tumbo kwa kitenge mpaka nashindwa kucheka, kisha analeta uji wa mtama na kunisimamia kama askari. Nikisema nimeshiba, anasema kilichobaki si changu, ni cha mtoto. Mpaka leo nikisikia harufu ya mawese yanayochemka pamoja na moshi wa kuni mbichi, kifua kinanivuta kana kwamba maziwa yanataka kushuka, na maziwa yenyewe hayapo tangu zamani. Sijawahi kupendwa vile tena. Mume wangu ni mtu mwema, lakini mume hajui kukanda.

Huyo mume nilimwambia siri yangu. Alitazama kuku wanavyochakura uani, halafu nikaona mdomo unamcheza. Kesho yake akarudi na samaki, migebuka miwili mikubwa, na tangu hapo akawa anatembea amenyoosha mgongo.

"Mwanao anakaribia kuzaa, na wewe unajivuna?"

"Sasa nilie, mama watoto?"

Mwenye kulia nilikuwa mimi. Nililia kwa sababu ya sufuria iliyoungua, nililia kwenye kipindi cha matangazo ya vifo redioni kwa watu nisiowajua. Usingizi ulinikimbia. Na jasho. Kasulu mwezi wa sita watu wanavaa masweta mpaka saa nne, mimi nilikuwa natoka nje kukaa kwenye jiwe, khanga imeshuka mabegani, joto linapanda kutoka kifuani hadi kwenye nywele. Mimba zangu za zamani hazikuwahi kunifanyia hivyo. Nikajisemea kwamba uzee na mimba havipatani, na nikaogopa kwamba nitakufa na kuacha kichanga.

Woga huo ndio ulionipeleka kuanza kliniki. Nilichagua kituo cha mbali, ambako hakuna mtu wa kanisani kwetu. Nesi alikuwa binti wa Tanga aliyehamishiwa huku, umri wa mwanangu, akaniamkia vizuri na kunivutia kiti. Akapima mkojo.

"Mama yangu, hapa hamna mimba."

"Pima tena."

Akapima tena, bila kununa. Kisha akaniuliza kuhusu joto, usingizi, machozi, moja baada ya jingine, kana kwamba alikuwa akiishi nyumbani kwangu.

"Huu ni ukomo wa hedhi, mama. Mwili umemaliza kazi ya kuzaa. Si ugonjwa, na joto hilo likikuzidi tutakusaidia. Ila ukimaliza mwaka mzima bila kuona siku zako, halafu damu ikarudi, usikae nayo nyumbani. Njoo."

Nilifurahi mpaka mlangoni. Hapo nje palikuwa na benchi la wajawazito, nikakaa kati yao, nikalia. Mtoto sikumtaka, ningemlea kwa magoti gani? Lakini kitu kilikuwa kimeondoka mwilini mwangu bila hata kuniaga. Nikamkumbuka mama kule Kibondo, jinsi alivyokuwa akishamaliza kunikanda anatoka kukaa nje kwenye baridi ile, mabega wazi, na nilipomuuliza alisema ni moto wa jikoni. Alinifundisha kukanda, kufunga tumbo, kumlaza mtoto. Hili hakunifundisha. Nadhani na yeye hakuna aliyemwambia.

Mume wangu alipopata habari alikuna kichwa. "Basi tumezeeka wote," alisema, akaenda kunitafutia gari la Kibondo.

Nilimkuta binti yangu ameshajifungua, salama, mtoto wa kike. Mama mkwe wake, mama mpole sana, alikuwa anamkanda kama mtu anayepangusa vyombo vya wageni.

"Shikamoo, mama," binti yangu alisema, hanitazami. "Miguu imepona?"

Nikauliza maji yanachemshiwa wapi.

Tulipobaki wawili, nilimkanda. Alilia, nikamwambia asihame. Na mikono yangu ilipokuwa kazini ndipo nikaweza kusema, nikamweleza yote, kitenge cha kifuani, migebuka ya baba yake, nesi kupima mara ya pili. Kwenye migebuka alicheka mpaka akashika tumbo akiniomba ninyamaze.

Halafu akaacha kucheka. "Mimi nilidhani hukumtaka huyu mtoto."

"Nilimtaka kuliko chochote. Ndiyo maana nilikaa mbali."

Akanitazama kwa namna ambayo watoto hawajazoea kuwatazama mama zao.

"Kumbe miezi yote hiyo ulikuwa peke yako na jambo hilo, mama."

Nikachovya kitambaa kwenye maji na kumwambia ageuke nimkande mgongo, maana sikutaka anione usoni.