Kuitwa Mara Moja

Kijijini kwetu Nailovo, kisiwani, mtu akipita mlangoni kwako nawe unakula, unamwita aje mle pamoja. Naye hujibu kwamba ameshiba, hata kama ana njaa. Hiyo ni adabu tu. Ukimtaka kweli unamwita mara ya pili, na hapo ndipo anaingia na kukaa mkekani. Jirani yetu Unaisi alilelewa hivyo na mama yake, Karalaini, ambaye hakuwahi kumwita mtu mara moja akanyamaza.

Karalaini alifariki mwaka mmoja kabla ya korona. Alianguka asubuhi shambani, na boti ya kijiji ilikuwa imeharibika mashine. Unaisi, aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli iliyokuwa ufukweni kwetu, akamkimbilia meneja wake, Apenisa, kumwomba boti ya hoteli wampeleke mgonjwa hospitali ya mjini Lautoka.

"Ngoja kidogo," Apenisa alimwambia. "Wageni wanakwenda kutazama samaki kwenye matumbawe. Wakirudi utaipata."

Wageni walirudi jua likizama. Karalaini alikuwa ameshakata roho gatini tulikomlaza kungoja boti, kichwa mapajani mwa bintiye. Siku ya mazishi Apenisa alituma shada la maua lililobaki kwenye harusi ya Wazungu.

Kisha korona ikaja. Ndege zikasimama, wageni wakaondoka, na sisi tuliokuwa tukiwatandikia vitanda tukarudi kwenye mashamba ya wazee wetu, kwenye mihogo na magimbi. Njaa hatukuiona. Apenisa alibaki peke yake kulinda hoteli. Mkewe alikuwa Suva, mji mkuu, na safari zilikuwa zimefungwa. Tajiri wake wa ng'ambo alimwachia funguo na nyama za kopo, na baada ya muda hata simu akawa hapokei. Apenisa naye ni mtoto wa mjini, hajui jembe wala mshipi. Makopo yakaisha, bwawa la kuogelea likaota mwani wa kijani, naye akaanza kupita kijijini mchana, saa ya kula, akijifanya ananyoosha miguu.

"Bosi, njoo ule," Unaisi alimwita, samaki wa nazi akifuka mbele yake.

"Ahsante, nimeshiba."

"Haya. Matembezi mema."

Basi, ikaishia hapo. Jioni Unaisi akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wamwite meneja, lakini wasirudie. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Sote tulishakula sana mkekani kwa Karalaini enzi za uhai wake.

"Wewe mwanamke, Mungu anakuona," binamu yake Sereima alimwambia.

"Aone. Nimemwita, sijamwita?"

Mchungaji naye alipomjia na habari za kusamehe, Unaisi alimjibu kwa upole, "Baba Mchungaji, mimi namkaribisha kila siku. Anasema ameshiba."

Maskini jeuri, Apenisa aliendelea kushiba njiani hivyohivyo huku suruali ikimvuka. Akatoboa tundu jipya kwenye mkanda. Unaisi aliliona akafurahi, tena alifurahi sana. Mtenda akitendewa hudhani ameonewa, lakini huyu hata wa kumlalamikia hakuwa naye, maana nani angemsikiliza mtu anayekaribishwa kila mlango?

Siku moja Apenisa alisimama mlangoni kwa Unaisi.

"Njoo ule, bosi," Unaisi akasema.

Apenisa alitazama chini. "Unaisi, nina njaa."

"Ngoja kidogo."

Akafunika sufuria kwa jani la mgomba, akatoka. Apenisa aliyatambua maneno yale. Uso ulimshuka, akakaa kwenye kizingiti. Unaisi alikwenda kaburini kwa mama yake akang'oa majani, akateka maji, akafua, akaanika. Sereima akamfuata kwenye kamba ya nguo.

"Mpe basi, binamu. Watu wanatazama."

"Watazame. Hata gatini walitazama."

Jua lilipozama akarudi, akafunua sufuria, akampakulia. Chakula kilikuwa kimepoa, tui la nazi limeganda juu. Apenisa alikula ameinamisha kichwa.

"Nisamehe," alisema.

"Kula. Boti ilipofika, mama yangu hakuwepo wa kuipanda. Wewe chakula kimekukuta hai."

Unaisi alimtazama mpaka akamaliza, akiingojea hasira yake mwenyewe iondoke. Haikuondoka. Haikupungua hata kidogo.

Kesho yake mchana Apenisa akapita tena, polepole, macho mkekani. Majirani walikuwa milangoni mwao. Unaisi akamwita vizuri, kwa adabu zote, mara moja, kisha akainamia sahani yake.