Mwiko Usiooshwa

Katika mtaa wetu, nguo nyeupe haikuhesabiwa kuwa nyeupe mpaka ipite mikononi mwa dobi tuliyemwita Mzee Buluu. Lakabu hiyo ilitokana na buluu aliyotia katika maji ya kusuuzia, ambayo ilikwisha kuhamia kuchani mwake isitoke tena. Mola alimjalia jicho la kuona doa pale wengine waonapo kitambaa tu. Na neema hiyo, kama neema zote, ilikuja na mtihani wake.

Mtihani ulikuwa jikoni. Mkewe aliumua mikate kwa chachu aliyorithi kwa mama yake: rojo la unga na maji lililokaa katika chupa ya mdomo mpana, likitoa mapovu na harufu ya ukali. Ukutani ulining'inia mwiko wa kuikorogea, umegandwa na magamba ya unga mkavu. Tangu waoane, dobi aliukodolea macho mwiko ule kama paka aonaye samaki.

"Mke wangu, niupitishe majini mara moja tu."

"Huo si shati la mteja. Uache."

Binti yao alipojifungua, mama akafunga safari kwenda kumlea mzazi. Mlangoni akausia: "Kila asubuhi punguza kidogo, tia unga na maji, funika kwa kitambaa. Basi! Hii ni ya marehemu mama. Ikifa mikononi mwako, utanieleza."

"Nimelea watoto, nitashindwa na uji?"

Mwanzoni mambo yalikwenda vyema. Lakini ukingoni mwa chupa palikuwa na utando wa kijivu. Dobi akavumilia, akavumilia, akashindwa. Akaimimina chachu bakulini, akaisugua chupa kwa dawa kali ya kung'arishia mashuka, akaisuuza harakaharaka kwa kuwa mteja alikuwa akibisha hodi, akairudisha chachu yote ndani. Chupa ikametameta. Kulipokucha hapakuwa na povu hata moja: maji yamejitenga juu, unga umelala chini. Akailisha, haikula.

Mdogo wa mkewe akapita kuomba chachu. Akafunua, akanusa, akarudi nyuma.

"Shemeji! Mbona inanuka kama shuka za hospitali? Umeifanya nini?"

"Nimeisafisha."

"Umeosha maiti, basi. Imebaki sanda, na kwa vitambaa vyeupe hujambo."

"Punguza sauti. Wewe huna iliyobaki?"

"Ningekuwa nayo ningekuja kuomba? Dada anarudi Ijumaa. Mimi siku hiyo sipiti hata uchochoro huu!"

Akaondoka akicheka. Dobi akaketi kwa unyonge. Hakuogopa ugomvi, aliogopa kumwona mkewe akiiinamia chupa ya mama yake ikiwa haina uhai. Alipoinua macho aombe msaada wa Mola, macho yakatua juu ya mwiko. Na kama kulikuwa na elimu aliyoimiliki kikamilifu, ni hii: doa lililokauka halijafa, lipatie maji ya vuguvugu, litaamka na kuenea.

Akayakwangua magamba kwa kisu, akayaloweka katika bakuli jipya, akatia unga, akaliweka kando ya meza ya kupigia pasi, penye joto. Kisha akaomba dua. Siku ya kwanza, kimya. Akalisha tena. Hatimaye povu moja likachomoza katikati, likapasuka, likafuatwa na jingine. "Alhamdulillahi!" akapaaza sauti, hata mteja mlangoni akadhani shati lake limepotea na kuonekana. Akaisuuza chupa kwa maji matupu mara kadhaa, akaihamishia humo chachu iliyofufuka.

Ijumaa mkewe aliingia, na kabla ya kumsalimu mumewe akaenda kwenye chupa. Chachu ilikuwa imeinuka. Akainusa, akatabasamu. Kisha akatazama ukutani.

"Mwiko wangu nani kauchuna ngozi?"

Dobi akaeleza yote, mkono kifuani. Mkewe akacheka hata akashika meza.

"Kumbe ningekuachia uuoshe, leo tungekuwa matangani!"

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusamehe. Ila dawa yako na jiko langu vimeachana leo."

Siku iliyofuata dobi mwenyewe ndiye aliyekoroga, akautundika mwiko na unga wake, akafunga mikono nyuma. Alipotoka kupokea nguo, mteja akamwonyesha kidole kwenye mkono wa kanzu nyeupe aliyovaa dobi.

"Lo! Mzee Buluu, leo nawe una doa!"

Dobi akalitazama tone lile la unga.

"Liache," akasema. "Hilo ni la akiba."