Mjomba Alipolipasha Moto Spika

Mwezi wa saba Newala kuna baridi isiyo na adabu. Nimepanda kutoka Masasi na pikipiki, spika langu nimelifunga nyuma kwa mpira, limekaa kama abiria mnene. Naenda Chilangala kwenye harusi ya dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Yeye alitaka kitu kimoja tu: atoke ndani na wenzake wanacheza amapiano. Walifanya mazoezi kwa simu mpaka kuku wa pale wanaijua ile staili. Wakwe ni watu wa Masasi mjini, na wifi yake alishasema, "Tutaona bibi harusi wa porini anavyotoka."

Asubuhi nikalijaribu spika. Likakwaruza, likakohoa. Nikaliacha uani, nikaenda kunywa uji.

Sasa mjomba wangu ni mpiga ngoma. Ngoma ikilegea kwa baridi unaisogeza kwenye moto, ngozi inakaza, inalia vizuri. Mjomba kwa roho safi kabisa akalipanga spika langu kwenye mstari wa ngoma zake, uso kwenye moto.

Narudi, nasikia harufu ya ndala inayoungua.

"Mjomba! Umefanya nini?"

"Nimekusaidia. Ngozi yake ilikuwa imelegea."

"Hiyo siyo ngozi, mjomba!"

Akaangalia plastiki inavyodondoka. "Ndiyo naona sasa."

Habari zikafika ndani. Bibi harusi akapiga kelele: "Sitoki! Waambieni wamuoe mjomba!"

Na wakwe washakaa kwenye viti, wifi kanyoosha simu anasubiri kurekodi.

Mjomba akaniambia, "Lete huo wimbo." Nikamwekea simu sikioni. Akafumba macho, akawapa na wenzake wasikilize.

"Hawa wa wapi?"

"Afrika Kusini. Ila siku hizi hata Wakorea wanaucheza, Wabrazili, Wazungu."

"Wazungu wanaweza hii?"

"Wanajitahidi, mjomba."

"Hii besi mbona ni ngoma kubwa tu? Wanaichelewesha kidogo, makusudi." Akatikisa kichwa. "Wajanja hawa."

Mimi nikawaza: kijana kakaa chumbani kwake huko na kompyuta, hajui kama Chilangala ipo, na wimbo wake umepanda mlima wenyewe mpaka kwa mjomba wangu.

Wakaanza. Ngoma kubwa ikashika besi, ndogo zikajaza, mimi nikapewa kopo lenye korosho ghafi nitikise. Kwanza ilipinda, halafu ikakaa. Ikakaa kweli! Wazee wa kwetu na wa ukweni wote mabega yanacheza.

Mlango ukafunguka. Dada akatoka na wenzake, hatua ya kwanza akakosea, ya pili akaipata, vumbi likapanda. Wifi akamtupia mtu simu, akavua viatu, akaingia kati.

Dada akafika kwenye kiti chake, hakukaa. Akageuka, akaanza kurudi mlangoni.

"Unaenda wapi?" mama mkubwa akauliza.

"Natoka tena, mama. Mara ya kwanza nilikuwa nasikiliza."