Jambazi Mwenye Adabu

Juzi huko Hirbadaw nilimkuta bosi wa kampuni moja ya filamu, mgeni kutoka Dar, akisimamia mwenyewe upigaji wa filamu ya ujambazi. Aliyeigiza jambazi ni mwalimu wa pale kijijini. Akaupiga mlango teke, akainua panga, kisha akamwinamia mzee mwenye nyumba: "Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Kata!" bosi akafoka, akatupa kofia chini. "Jambazi gani anaamkia?"

Walirudia mara tano, na mara tano mzee akaamkiwa.

"Wewe mzee, mwambie huyu kwamba jambazi hana adabu!" bosi akafoka tena.

Mzee alimtazama bosi toka kichwani mpaka viatuni. "Najua. Tangu asubuhi hujaniamkia, nikadhani jambazi ni wewe."

Watu wakaangua kicheko. Nikakumbuka kuwa hata mimi bado. Nikasogea haraka: "Shikamoo, babu."