Maji Yasiyokwenda Popote

Mama hakuamini zoezi lisilotoa jasho. Nilipomwambia daktari ameshauri aogelee kwa ajili ya magoti yake, aliweka chini kikombe cha chai akanitazama kama anavyowatazama wanunuzi binafsi wa kahawa, wale walioanza kupita na mizani zao za kutiliwa shaka.

"Daktari, au wewe?"

"Daktari, mama. Anasema zoezi hili linamfaa kila mtu, mwenye nguvu na asiye nazo. Maji yanakubebea uzito."

"Na wewe mwenye shahada, unajua kuogelea?"

Sikujua. Kwetu Kilema tulikulia kando ya mfongo, mfereji unaoshusha maji ya mlimani hadi mashambani. Ukitia mguu tu, kijiji kizima kinakupigia kelele, maana walio chini wanakunywa.

Daktari alisema hivyo kweli. Nilichomficha mama ni nia yangu: nilitaka azoee mji, alikokuja kwangu kutibiwa, asirudi tena kuhangaika peke yake kwenye kihamba, shamba letu la migomba na kahawa. Chumba cha uani nilikuwa nimeshakipaka rangi.

Nikampeleka kwenye bwawa la hoteli mojawapo kati ya zile zilizokuwa zikichipuka Moshi miaka hiyo. Alisimama ukingoni na gauni lake kuukuu.

"Haya maji yanatoka wapi?"

"Bombani."

"Yanakwenda wapi?"

"Hayaendi, mama. Yanakaa."

"Basi kila aliyeoga humu bado yumo."

Upande wa kina kifupi, mama mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa, alikuwa akitembea majini huku ameshika ukingo. "Karibu, mama, ingia tu," alisema. "Mimi nilikuja hapa na fimbo."

"Iko wapi hiyo fimbo?"

"Nyumbani. Mjukuu anachezea kriketi."

Mama alimchunguza miguu, kwenda na kurudi, kisha akaingia. Nami nikaingia, maji yakanifika kiunoni, nikaikumbatia ngazi.

Tukawa tunakwenda kila asubuhi kabla sijaenda kazini. Yeye na rafiki yake wakitembea, wakipiga miguu, wakisengenya bei za vitenge. Mimi na ngazi yangu. Siku moja, akiwa majini, aliniuliza bila kugeuka:

"Kile chumba ulichopaka rangi ni cha nani?"

"Cha kupumzikia, mama. Ukija."

"Anayekuja kupumzika hawekewi kabati."

Nikajifanya maji yameniingia sikioni.

Wiki ya sita aliuachia ukingo. Alivuka bwawa kwa mtindo ambao sijauona kwa mtu mwingine, kichwa juu kama mtu anayevizia mwizi wa ndizi, akafika ng'ambo, akageuka, akarudi hadi nilipo. Hakuwa hata akihema.

"Magoti yamekubali," alisema. "Kesho nakwenda kwangu. Alhamisi ni zamu yangu ya maji kwenye mfongo, na nimesikia binamu yako anaanza kuizoea."

"Lakini mama, kile kilima cha kupanda hadi shambani..."

"Nipishe."

Alitaka kutoka, na ngazi ilikuwa moja tu. Ikabidi niiachie.