Ndoto ya Baharini

Jumapili, kwenye sinema moja ya Randburg, tulionyeshwa opera ya Kirusi iliyotokana na hekaya ya kale. Mwanamuziki anamwacha mkewe, anazama baharini, na mfalme wa maji anamwoza binti yake. Baadaye anarudi nyumbani akiimba kwamba ilikuwa ndoto tu. Mkewe anamkumbatia.

Mbele yangu mama mmoja Mkongo, aliyekuja na mumewe moja kwa moja kutoka kanisani, akasema bila kunong'ona, "Huyu muke anaamini mbio sana. Wangu naye alitokaka Durban na ndoto kama hii."

Tuliojua Kiswahili tukageuka. Mume akainama kufunga kamba za viatu.

Eish. Anayesema opera ya Kirusi haituhusu angeviona vile viatu. Havikuwa na kamba.